Siku Mguu wa Bibi Haukuvuta

Nilipokuwa mtoto niliuliza: kwa nini bibi akisema mguu unamuuma, watu wa hapa nyumbani wanatabasamu? Niliuliza asubuhi, tukinywa chai kwa viazi vitamu. Baba mdogo Longino aliendelea kupuliza chai yake. Mama mdogo, mkewe, alinisogezea kiazi kingine, maana kwetu mtoto anayeuliza sana hudhaniwa bado ana njaa. Bibi mwenyewe alitazama mlangoni, akautazama ule ukungu wa Mshangano, mtaa wetu, unavyopanda kutoka bondeni, akajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

Nililelewa pale kwa baba mdogo kwa sababu mama yangu alikuwa akifundisha Namtumbo na alitaka nisome shule ya karibu na mjini. Nililala kitanda kimoja na Bibi Skola, mama yake Longino. Kwa hiyo habari za mguu ule nazijua kwa upande ambao wageni hawakuwahi kuuona, upande wa kitandani.

Ulikuwa mguu wa kulia. Bibi aliuvunja akiwa msichana huko Mpitimbi, alipoteleza kwenye mteremko na mzigo wa kuni kichwani. Fundi wa mifupa akaufunga kwa vijiti na magome ya mti, ukaunga, ila uliunga umepinda kidogo chini ya goti. Tangu hapo, mvua ikiwa njiani, mfupa ulijua kabla ya mawingu. Bibi aliolewa nao, akahamia nao Mshangano, akazaa nao watoto, na pole pole ukawa mguu wa mtaa mzima.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, mashamba yameshasafishwa na vumbi limetawala, watu walianza kupita kwetu. Aliyepita zaidi ya wote alikuwa jirani yetu, Mama Nesto, mwenye shamba lililopakana na la baba mdogo.

"Shikamoo, Bibi Skola."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mguu unasemaje?"

"Umelala. Nenda na wewe kalale."

Wanacheka, Mama Nesto anaacha kichane cha ndizi au kifungu cha kuni, anaondoka. Siku nyingine Bibi anajibu, "Unavuta." Hapo Mama Nesto haketi tena. Anageuka mlangoni kwenda kuamsha watu wake washike majembe. Nimejaribu sana kukumbuka kama kuna siku nilimsikia yeyote akimwambia Bibi pole. Sisi tunampa pole mtu aliyebeba ndoo. Tunampa pole mtu aliyejikwaa, hata aliyetoka kazini akiwa mzima. Bibi alisema anaumwa, akaambiwa asante.

Palikuwa na desturi nyingine ya nyumbani kwetu. Mguu ukishavuta, baba mdogo aliuchukua mfuko wa mbegu na kuuweka chini ya kitanda cha Bibi, upande wa kulia. Mbegu zilipaswa kulala na mguu kabla ya kwenda shambani. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili, na sikumwona hata mara moja akiona ugomvi kati ya rozari yake na ule mfuko wa mbegu. Wala mimi leo sitaki kuuanzisha. Nasema nilichokiona: Bibi akisema unavuta, haikupita siku nyingi, mvua ilinyesha. Mahindi yetu yaliota. Aliyetaka kucheka imani hiyo alicheka akiwa ameshiba ugali wake.

Lakini mimi nililala upande wa ukutani, nikaona mengine. Mbegu zilipolala, Bibi hakulala. Alikaa kitako, akajipaka dawa ya kuchua, akaukumbatia mguu kama mtoto aliyegoma kunyonya. Mvua ilianza kugonga bati, baba mdogo akashangilia chumba cha pili, na Bibi akanong'ona, "Haya, umesikika. Sasa niache."

Huyo ndiye aliyenifundisha kuumwa. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. Siku moja nilikula mapera mabichi, nikamwendea nimejikunja.

"Bibi, tumbo linauma."

"Linauma ni neno la mtu anayekwepa shule. Linaumaje?"

"Linauma tu."

"Hakuna linauma tu, mke mwenzangu." Aliniita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, na baba mdogo, kwa kuwa ndiye aliyetulisha sote wawili, aliitwa mume wetu mzembe. "Linakata? Linachoma? Au linavuta?"

Nikamwambia sijui tofauti. Akaacha kupeta mahindi, akaniketisha mbele ya ungo wa pili. Kukata, alisema, ni maumivu yanayopita na kurudi, yana zamu. Kuchoma kuna ncha. Kupwita kunakwenda pamoja na moyo, muulize mwenye jipu. "Kuvuta hakuna mlango. Kumo humo ndani, kumejaa, hakupigi kelele. Unaweza kupika nako, unaweza kulima nako, hata misa unasali nako mpaka mwisho. Ila hakukupi nafasi ya kusahau."

"Nitajuaje kama ni kuvuta?"

"Tazama mkono wa mgonjwa. Maumivu ya kuchoma utayaonyesha kwa kidole. Ya kuvuta utaweka kiganja chote, kwa sababu kidole hakijui pa kusimama."

Nikaweka mkono wangu tumboni. Ulikuwa kiganja, kisha nikakunja, nikaweka kidole, nikachanganyikiwa. Bibi akacheka. Akasema hayo ni mapera, hayana jina.

Tangu siku ile nimewatazama watu mikono. Kwetu neno hilo linatembea kila mahali ukilifungulia masikio. Mtu aliyeshinda anapalilia husema mabega yanavuta, na hapo hamaanishi ugonjwa, anaomba maji ya moto ya kuoga. Jino linavuta siku mbili tatu kabla halijakutoa machozi. Kidonda kilichofungwa kinavuta kinapotaka kupona, na kinavuta pia kinapotaka kuoza. Msichana wa bweni akisema chini ya kitovu panavuta, wenzake hawamuulizi zaidi. Mjamzito akisema kiuno kimeanza kuvuta, wanawake wazima hutulia, husema bado, ila kanga zikunjwe. Ni neno la maumivu yanayosubiri. Na maumivu yanayosubiri, watu huyazoea, hasa yakiwa ya mtu mwingine.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Joto lilikuwa kali, mashamba yako tayari, na kila mtu anatazama juu. Baba mdogo alikuwa ameshanunua mbegu. Simu yake ilimwambia mvua huenda ikaja, huenda isije, naye akasema hata yeye angeweza kutabiri namna hiyo bila chaji.

Asubuhi moja Bibi alitoka chumbani akishika mwimo wa mlango.

"Longino, mguu leo unachoma. Hapa." Akainama, akaonyesha kwa kidole. Kidole kimoja, mfupani, pale palipopindia.

Baba mdogo alikuwa ameshasimama. "Umesema?"

"Nimesema unachoma."

"Basi umesema." Akaenda kuchukua mfuko wa mbegu.

Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu vya shule. Nikamwambia, "Baba mdogo, Bibi kasema unachoma, hakusema unavuta."

"Kuchoma, kuvuta, si mguu ule ule? Nenda shule, wakili."

Mama Nesto alikuwa uani kwake, alisikia neno mguu, na hilo lilimtosha. Kufikia saa ya chai mtaa wote ulikuwa na habari. Mbegu zililala chini ya kitanda usiku ule kama kawaida, na kesho yake watu walipanda kwenye vumbi kavu, wakiimba, wakitaniana nani atamaliza mstari wa kwanza.

Nilimuuliza Bibi tulipobaki wawili.

"Bibi, ulionyesha kwa kidole."

"Mke mwenzangu una macho."

"Mbona huwaambii?"

"Nimewaambia. Ulinisikia. Mtu mzima atasema jambo lake mara ngapi?" Akavuta pumzi, akaushusha mguu kitandani kwa mikono yote miwili. "Waache, wamefurahi. Na wewe usiende kusema. Mguu huu ndio unaoniletea wageni. Ukishakuwa mguu wa hospitali, nani atapita hapa kunisalimia?"

Sikumwambia mtu.

Mvua haikuja. Tuliamka, mbingu safi. Tuliamka tena, mbingu safi. Mchwa walianza kazi, kisha kunguru wakajifunza kufukua kwa mistari, kama watoto wa shule wanaookota mahindi yaliyoanguka. Baba mdogo alifukua shimo moja mbele yangu, akatoa mbegu imevimba na kupasuka kwa umande wa bure, imeoza. Akairudisha, akaifukia vizuri, kama anayemzika mtu.

Ndizi zilikoma. Kuni zilikoma. Bibi naye alianza kukaa ndani. Aliufunga mguu kwa kanga mchana kutwa, na joto lilivyokuwa kali, akala kidogo, akatoka akijikokota ukutani. Watu wakaona anajificha kwa aibu. Hata baba mdogo aliamini hivyo. Alikuwa akipita mbele ya mlango wake bila kutazama ndani, na mimi nilijua hafanyi hivyo kwa ubaya. Aliona haya kwa niaba yake.

Kisha siku moja bombani, nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu, nilimsikia Mama Nesto akimwambia mwenzake: "Siku hizi kuna wazee wanafunga mvua miguuni." Mwenzake akaguna. Hawakuniona, au waliniona wakahesabu kwamba mtoto ni ndoo.

Naomba mtu yeyote asinyanyue mabega hapa akasema ni maneno ya bombani tu. Kikongwe akishasemwa kwamba anafunga mvua, neno hilo halirudi ndoo ikijaa. Kuna waliohamishwa nyumbani kwao kwa maneno madogo kuliko hayo, na kuna waliofanyiwa mabaya zaidi. Nilikuwa mtoto, lakini nilishasikia wakubwa wakizungumza. Nilibeba maji nikienda mbio, nusu yakamwagika njiani.

Jumapili baada ya misa walikuja. Walikuwa majirani wachache tu, wameketi barazani kwa adabu zote, wamevaa nguo za kanisani. Mama Nesto ndiye aliyesema.

"Shikamoo, Bibi Skola."

"Marahaba."

"Mguu unasemaje?"

Maneno yalikuwa yale yale ya miaka yote. Sauti ndiyo iliyokuwa nyingine. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele yake umefungwa kanga, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Bibi, sisi ni watoto wako," Mama Nesto akaendelea taratibu. "Kama kuna tulichokukosea, tuambie tuombe msamaha. Ila uufungue. Tumeshazika mbegu, tusije kuzika watoto."

Baba mdogo alikuwa anatazama sakafu. Nilisubiri aseme neno. Alikwaruza sakafu kwa kidole cha mguu.

"Bibi hakusema unavuta," nikasema.

Wote waligeuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya vikombe.

"Alisema unachoma. Alionyesha kwa kidole. Kuvuta ni kiganja, kuchoma ni kidole. Mvua ni kuvuta. Hakuwaambia mpande."

"Mtoto huyu anafundishwa nini humu ndani?" Mama Nesto akauliza.

"Ingia ndani," baba mdogo akasema.

Sikuingia. Niliweka trei chini. "Mwambieni awaonyeshe. Mmekuja kuuliza mguu, muulizeni na mwenye mguu."

Nilijua nitachapwa. Nilijua pia nimevunja agizo la Bibi mbele ya wageni wake aliokuwa akiogopa kuwapoteza. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama, na hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka. Akainama akaifungua kanga mwenyewe, mkunjo mmoja mmoja.

Chini ya goti palikuwa pamevimba, ngozi inang'aa kama ganda la kitunguu, nyekundu iliyoiva. Bibi akaweka kidole kimoja pale pale alipoweka asubuhi ya kupanda. "Hapa," akasema. "Toka siku ile. Sasa unapwita."

Aliyekuwa wa kwanza kumgusa ni Mama Nesto. Alishuka kutoka benchi kwa magoti, na gauni lake la kanisani, akaweka mkono, akauondoa haraka. "Moto huu," akasema. Kisha akasema, "Pole, Bibi. Pole mama yangu." Nakumbuka kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mtu akimpa pole kwa ule mguu. Na yeye huyo huyo ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha bajaji, wakati baba mdogo bado anatafuta shati.

Hospitalini, daktari kijana alimwinamia Bibi, akamuuliza kama wanavyouliza kila siku: "Unauma namna gani, bibi?" Nadhani alitegemea aambiwe unauma sana.

"Zamani ulikuwa unavuta, mvua ikija," Bibi akamjibu. "Kisha, kabla hatujapanda, ukaanza kuchoma hapa. Wiki hii unapwita, na usiku natetemeka."

Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Alituambia baadaye kwamba usaha ulikuwa umejikusanya ndani ya mfupa, pale ulipovunjika zamani. Aliufungua na kuusafisha. Alimwambia baba mdogo kwamba kama angechelewa zaidi wasingezungumza tena habari ya kusafisha, wangezungumza habari ya kukata. Baba mdogo aliketi kwenye benchi la nje, akaweka viganja vyote viwili usoni. Viganja. Nilivitazama nikajua ni maumivu ya aina gani.

Mvua ilinyesha Bibi akiwa wodini. Tulipanda upya, tumechelewa, na mwaka ule tulikula mihogo mpaka tukaijua kwa sura. Lakini Bibi alirudi na miguu yake yote miwili.

Sasa sikilizeni mwisho wake kwa Mama Nesto. Mpaka leo anasema: "Si mnaona? Ulipofunguliwa tu, mvua ikashuka." Nimeshinda midahalo kadhaa chuoni, wa Mama Nesto sijashinda wala sitarajii. Akinikuta likizo ananishika mkono, ananiita wakili, ananipa ndizi za kumpelekea Bibi. Anapita kumsalimia hata kiangazi. Kwa hilo namwachia maelezo yake.

Ambao sikuwaachia ni wenzangu wa chuo. Kwenye mdahalo mmoja kijana mmoja alisimama kwa kujiamini kabisa akasema wagonjwa wa vijijini wanachelewa kutibiwa kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya kueleza maumivu, kina "inauma" tu, kwa hiyo daktari afanyeje. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilihisi kichwa kinachoma, na ningeweza kumwonyesha ni wapi. Nilisimama nikawauliza wangapi kati yao wanajua tofauti ya kukata na kupwita. Mikono ikapanda mingi, hata ya upande wake. Nikauliza wangapi waliwahi kumuuliza bibi yao ni ipi kati ya hizo. Hapo ikapungua. Maneno tulikuwa nayo. Bibi Skola alisema neno sahihi, siku sahihi, kwa kidole, mbele ya mtoto wake aliyempenda. Watu wazima walisikia walichokihitaji.

Nimefikiri sana kwa nini. Sidhani ni imani ya mvua iliyotaka kumuua. Mfupa ule ulisema kweli miaka mingi, na sitamdanganya mtu kwamba najua zaidi ya mfupa. Nadhani tulifanya maumivu yake kuwa mali yetu. Yalitufaa yakiwa pale pale, ya kuvuta, ya kimya, ya kila mwaka. Mtu ambaye maumivu yake yanakufaa huna haraka ya kumponya. Na yeye mwenyewe, kwa upweke tu, anajifunza kuyatunza.

Bibi yuko hai. Anatembea na fimbo, na mguu siku hizi umerudi kuvuta, lakini habari hiyo anampa mtu mmoja. Ananipigia simu, ananiambia, "Mke mwenzangu, huku mume wetu mzembe ameanika mahindi, na mimi mguu unavuta." Namwambia pole kwanza. Kisha namuuliza, "Kiganja au kidole?" Najua anajitazama mkono. "Kiganja," anasema. Ndipo nampigia baba mdogo aanue mahindi.

Basi wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo dogo. Ukirudi nyumbani, na mzee wako akasema panamuuma, usikimbilie kutazama mawingu. Mpe pole, kisha mwombe akuonyeshe kwa mkono wake.